Mjomba Uliyemfanya Mtani

Mama,

Sianzi kwa salamu. Ningekuwa na moyo wa kukusalimu ningekuja kaburini kwako, wala si mbali, ni kutoka hapa mlangoni mpaka nyuma ya shamba la mihogo aliloliacha baba. Siji. Tangu arobaini yako ipite nimekuja mara moja tu. Nikasimama, nikaona nitakugombeza, nikarudi nyumbani bila hata kukusomea Fatiha. Najua mwalimu atasema maiti hasomi barua, anasomewa dua. Basi dua watakusomea wengine. Mimi nina maneno, nimenunua karatasi dukani kwa ajili hiyo, na ninayaandika kwa herufi zile zile za Kiarabu za chuoni ulizonilazimisha kujifunza kwa fimbo ya mpera.

Nianze na mazishi yako, maana ulikuwepo lakini hukuyaona.

Unamkumbuka mtani wetu wa Vihingo, Mzee Kibwana? Nauliza kama mjinga. Tangu nipate akili, mtu huyo alikuwa anakuja kwetu Tangini kila baada ya mavuno, kwa miguu, siku nzima porini. Akifika hapigi hodi. Anamkamata kuku wa kwanza anayemwona, anamfunga miguu, anasema kuku huyu ana sura nzuri kuliko mwenye nyumba. Wewe unamjibu kwamba kwao Vihingo wanakula panya na mikia yake. Majirani wanacheka mpaka wanashika mbavu. Ukaniambia tangu mdogo: huyu ni mtani wetu, mtani hachukiwi, mtani haulizwi. Sikumuuliza. Nilikua naye hivyo hivyo, miaka yote, nikimtupia maneno machafu kama mtu anavyomtupia mtani wake, na yeye akinicheka kwa sauti.

Aliposikia unaumwa kifua alikuja, akafika siku moja kabla hujakata roho, yeye na wazee wenzake wawili wa Vihingo. Ulipofariki akafanya kazi ya mtani. Alivaa kanga yako, ile ya kahawia uliyokuwa unaendea kisimani, akajifunga kibwebwe, akaweka mkono kiunoni akatembea uani kama wewe, akigomba kama wewe: "Nani kaacha chungu wazi? Mnataka nzi wapike?" Mama, alikuiga sawasawa. Mpaka ile namna yako ya kugeuza shingo kabla hujagomba. Watu walicheka kwenye msiba, na mimi nikacheka, machozi yananitoka nacheka, nikasema moyoni huyu mzee amekutazama vizuri jamani. Sikujiuliza kwa nini.

Sisi wanawake tukabaki nyumbani, wanaume wakakubeba. Kilichotokea huko nimesimuliwa na mume wangu, na hilo peke yake linaniuma. Mimi ndiye mwanao, mimi ndiye uliyenizaa, na jambo kubwa kuliko yote ya maisha yangu wamelijua kwanza wabeba majembe.

Baba Zainabu anasema walifika, wakatandaza shuka juu ya kaburi kama inavyotakiwa kwa mwanamke, mwalimu akaita mahramu zako waingie kukupokea. Yeye akaingia, maana mkwe ni mahramu. Mwalimu akaita tena, mtu mmoja hawezi peke yake. Baba amekufa, mtoto wa kiume huna, ndugu wa kiume huna, ndivyo ulivyotuambia sote. Ndipo Mzee Kibwana akaifungua ile kanga yako kiunoni, akaikunja, akamkabidhi mtu, akateremka kaburini akishika udongo kwa mikono. Watu wakaangua kicheko, wakidhani ni utani, watani ndivyo walivyo, wengine hulala kaburini mpaka wapewe kitu. Mwalimu akamwambia, "Mzee, toka, utani una mahali pake." Yeye akasimama mle ndani, udongo mpaka kifuani, akasema: "Huyu ni umbu langu. Dada yangu, tumbo moja, ziwa moja. Kama mimi si mahramu wake, nitajieni mwingine."

Hakuna aliyecheka tena. Mwalimu akawageukia wale wazee wawili wa Vihingo. Wakainamisha vichwa, wakasema ni kweli, tangu zamani ni kweli.

Kwa hiyo aliyekulaza mwanandani ni kaka yako, mama. Akakuweka ubavu wako wa kulia, akakufungua uso ukielekea kibla. Hukuwa na la kusema safari hiyo.

Baba Zainabu alirudi akaniambia nikiwa nakoroga uji wa waliofiwa. Nikaendelea kukoroga. Nilikoroga mpaka ukashika chini.

Sasa nikuulize, na unijibu huko uliko. Uliona nini ulipokuwa unaninyima mjomba?

Maana si kwamba hukujua mjomba ni nani kwetu. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba baba anakupa jina na mjomba anakupa watu. Mtoto ni wa tumbo la mama yake, na msemaji wa tumbo ni mjomba. Ukiumwa ndiye anayeulizwa, ukiposwa ndiye anayeulizwa, mwali hatoki ndani mpaka yeye aseme atoke. Ulinifundisha yote hayo, halafu nikikuuliza wangu yuko wapi unasema, "Tumbo letu limekwisha, nimebaki mimi." Na uso unaufunga hivyo hivyo. Nilidhani ni huzuni. Kumbe ni ubishi.

Siku ya kunitoa mimi ndani ulikuwepo. Ngoma ziko uani, wanawake wamejaa, nimepakwa mafuta, nimefunikwa nguo gubigubi, nasikia mkuu wa ngoma anauliza kwa sauti: "Mjomba wake yuko wapi?" Akauliza mara tatu. Mara ya tatu akajitokeza baba mdogo, ndugu wa upande wa baba, akasema nitoke, wakamkubali shingo upande. Chini ya nguo zile nilisikia mwanamke mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Huyu hana tumbo, mama yake aliokotwa." Nilikuwa na umri gani, mama? Neno lile nililibeba mpaka nyumbani kwa mume. Mama mkwe wangu akigombana nami hakuhitaji kutafuta tusi, lilikuwa limewekwa tayari: mtu wa kuokotwa njiani, mjukuu wa watumwa, nani anajua bibi yake alikatwa kamba ipi. Nilikuja kwako nikilia. Ukanisuka nywele. Ukasema mwache aseme, maneno hayatoboi ngozi. Ungeweza kuyakata maneno yale kwa sentensi moja tu. Ukachukua kitana.

Na mtu yule siku ile alikuwepo uani, mama. Nimekumbuka baadaye. Mtani Kibwana alisimama karibu na ngoma kubwa, akapasua sauti, "Nipeni mimi nimbebe mwali huyu mabegani!" Watu wakacheka. Ukamjibu, "Beba kuku wako uende." Wakacheka zaidi. Alikuwa na haki ya kunibeba kuliko wanaume wote waliokuwa pale, na wewe ulilijua hilo ukamfanya wa kuchekwa.

Nikashindwa kukaa. Arobaini ilipopita nikamwambia Baba Zainabu nakwenda Vihingo. Akasema msiba haujakauka. Nikamwambia hasira nayo haijakauka. Akaona nimeshafunga mkeka, akatoka nami.

Tulipanda lori la mkaa mpaka Kisarawe, tukalala kwa jamaa wa Baba Zainabu chini ya lile boma la serikali, asubuhi tukashika njia ya miguu. Mama, kwenu ni kuzuri. Hukunisimulia hata udongo wake. Miti imesimama karibu karibu, halafu ghafla mashamba ya mtama, halafu nyumba sita saba. Nilipoingia kwenye uwanja wa kwanza nikamkuta mwanamke anapepeta mpunga. Ameuinamisha ungo upande wa kushoto na anaugonga kwa kiwiko, kama wewe, jambo ambalo wanawake wote wa Tangini walikucheka kwalo. Akainua uso. Akaniangalia. Akauweka ungo chini, akaita ndani, "Njooni mmwone mtoto wa Mwamvua!" Sikuwa nimesema jina langu. Walitoka wanawake saba, na pua yangu hii, pua hii ambayo mama mkwe aliisema haina kwao, ilikuwa kwenye nyuso nne kati ya hizo.

Nililia, lakini usifikiri ni furaha. Nilikuwa nahesabu sikukuu nilizozikosa.

Mzee Kibwana hakufanya utani. Alitoka amevaa kanzu, akasimama mbali, akasubiri nimwamkie au nimtukane. Sikufanya lolote. Akasema, "Twende kwanza kwa wakubwa."

Akatupeleka kichakani yalipo makaburi ya tumbo. Wanawake wakafyeka majani, mmoja akachanganya unga wa mtama na maji kwenye kibuyu. Mzee Kibwana akainama, akanyunyiza, akataja. Huyu hapa ni Siwema, mama yetu sote, aliyefika hapa na mume wake wakati pori halina jina. Siwema alizaa mabinti wawili. Mkubwa ni Hadiya, na wote hawa unaowaona ni watu wa Hadiya. Mdogo ni Mwanahawa. Mwanahawa alizaa wawili, mimi Kibwana na mdogo wangu Mwamvua. Akanyamaza. Kisha akasema, "Mwamvua alizaa Pili," akaninyunyizia unga miguuni.

Ndiyo hivyo. Nimelitafuta tumbo langu maisha yangu yote nikaambiwa limekwisha, na kumbe linatajwa kwa pumzi moja. Siwema, Mwanahawa, Mwamvua, Pili. Ilimchukua muda mfupi kuliko kumfunga kuku.

Lakini nilisikia pale aliponyamaza. Na hili jina langu Pili, mama! Mtoto wa pekee anaitwa Pili. Nilikuuliza nikiwa mdogo ni wa pili baada ya nani, ukasema ni jina la shangazi wa baba. Nikamgeukia yule mzee pale pale makaburini nikamuuliza, "Kabla yangu alizaliwa nani?"

Akakaa chini. Wanawake wakatazama pembeni. Akanieleza.

Nataka ujue nimeambiwa, na nimeambiwa na yeye mwenyewe, hakujificha nyuma ya mtu. Alisema ulikuwa na mtoto wa kwanza, Mfaume, kijana aliyeanza kuota ndevu wakati mimi natambaa. Vita ya wazungu imefika pwani, wanataka watu wa kubeba mizigo. Jumbe wa wakati ule akatoa amri, kila tumbo litoe mwanamume mmoja. Tumbo la Mwanahawa lilikuwa na wanaume wawili tu, mjomba na mpwa. Mjomba ndiye mwenye kusema. Akasema Mfaume.

"Nilikuwa nimeoa karibuni," aliniambia. "Niliogopa. Na ilikuwa haki yangu kusema, hakuna aliyenilaumu isipokuwa yeye."

Wewe ulikuwa bondeni unavuna mpunga. Uliporudi na mzigo kichwani, nyumba tupu. Ulikimbia mpaka Pugu, msafara umeshapita. Ulikaa Vihingo misimu miwili ukimngojea, hakuna salamu, hakuna nguo, hakuna mtu aliyesema nilimwona mahali fulani. Ndipo ukamwambia baba akuhamishe kwao Kibaha, mkaja Tangini, ukaapa mbele ya watu wa Hadiya wote kwamba kaka yako amekufa. Yeye akakufuata kukuomba radhi. Akakuta uani pana watu. Alitaka kukupigia magoti. Wewe hukumpa nafasi, ukapaza sauti, "Jamani, mtani wangu wa Vihingo amekuja, fungeni kuku!" Akaelewa. Akiitika atapata kuingia, asipoitika atafukuzwa. Akamkamata kuku.

Miaka yote hiyo aliingia nyumbani kwako kwa kukamata kuku.

Niliposikia hayo sikujua nimpige nani. Nilisimama makaburini hasira zinanipanda kutoka pande mbili, moja inaniambia mtu huyu alimtoa kaka yangu kama anayetoa mbuzi, na nyingine inaniambia mama yangu alikuwa na mtoto wa kiume akamfuta. Ndiyo, mama, ulimfuta. Kibwana alimtoa siku moja. Wewe ulimnyamazia kila siku. Nilikuwa na kaka! Kaka aliyenibeba mgongoni, ndivyo anavyoniambia yule mzee, aliyenikatia mkia wa ndege kurumbizi nichezee. Sijui hata alikuwa mrefu au mfupi. Ningekuuliza, ningejua. Ungeniambia alivyocheka, alivyokula, alikuwa mkaidi kama mimi au mpole. Umekwenda naye, umemfungia huko na siri zako nyingine.

Na ungeniambia, mama, ningemchukia Kibwana pamoja nawe! Ningekaa na wewe jikoni tukamchukia wawili. Hata chuki ulininyima. Ulinifanya nimcheke, nimtanie, nimpe maji ya kunywa, mtu aliyemtoa kaka yangu. Halafu ukanifanya nikose mjomba. Yote mawili kwa mpigo. Nani anamfanyia mtoto wake hivyo?

Niliondoka Vihingo bila kumjibu. Aliniuliza, "Umenisikia?" Nikabeba mkeka wangu. Watu wa Hadiya walitusindikiza mpaka njia panda na mpunga na kuku watatu, wanalia, mimi sina hata chozi.

Sasa nikwambie kwa nini sikuweza kuishia hapo, ingawa nilitaka. Zainabu yumo ndani. Ulimwacha yumo ndani, unakumbuka ulivyokuwa unamfundisha ukiwa unakohoa. Wale waposaji wa Mlandizi hawakuondoa posa baada ya msiba, ni watu wazuri, lakini walituma neno. Walikuwa wamekuuliza wewe tumbo la binti, ukawajibu limekwisha. Wakataka kujua atamtoa nani mwali, maana hawaozi mtoto wao kwa mtu asiye na msemaji. Lugha ya adabu, lakini maana yake ni ile ile ya mama mkwe wangu. Nikaona neno la kuokotwa linamjia mwanangu kama lilivyonijia mimi, chini ya nguo zile zile.

Nani alikuwa mjomba wa Zainabu, mama? Fikiri. Si Kibwana. Kibwana ni mjomba wangu mimi. Mjomba wa Zainabu alikuwa Mfaume.

Hilo liliniingia siku moja natwanga, nikaacha mchi ndani ya kinu. Yule mzee alipofungua mdomo kumtoa Mfaume alimtoa na mjomba wa mtoto ambaye hajazaliwa bado. Na sasa msemaji wa tumbo aliyebaki ni yeye, mwenye mdomo ule ule. Ama nimwite, ama mwanangu atoke kama nilivyotoka mimi, kwa huruma ya upande wa baba.

Sikumwita. Alikuja mwenyewe baada ya mavuno, kama kawaida yake. Nilikuwa uani. Nikamwona anatokea kwenye mihogo, mzee kweli sasa, magoti hayanyooki, na kwa sababu hajui namna nyingine ya kuingia nyumba hii akamwinamia jogoo wa Baba Zainabu, akamshika miguu, akaanza, "Jogoo huyu ana sura..."

Nikamwambia, "Mwachie kuku. Wewe si mtani."

Akamwachia. Jogoo akakimbia, na mzee akabaki mikono mitupu hajui aiweke wapi. Sijawahi kuona mtu aliyevuliwa nguo akiwa amevaa nguo zake zote. Nikamwamkia. "Shikamoo, mjomba." Akaitika marahaba, akafunika uso kwa kofia yake.

Lakini usifikiri nilimkaribisha nikayamaliza kwa wali. Nilimwambia pale pale, amesimama: utamtoa Zainabu, lakini hutamtoa kwa mdomo wako. Utasimama mlangoni mbele ya watu wote, wa hapa na wa Mlandizi, utamtaja mjomba wake mwenyewe, na utasema yuko wapi na nani alimtoa. Akasema, "Mwanangu, hana kaburi. Asiye na kaburi hatajwi." Nikamwambia, "Basi na mwanangu hatoki." Akanisihi. Akasema aibu ile atakufa nayo, lakini watu wa Hadiya je, watoto wake je. Nikamwambia aibu yangu mimi niliivaa siku ya ngoma yangu na yeye alikuwepo anaomba kunibeba. Nikaingia ndani. Nilimwacha uani na maji kwenye kata.

Alikaa pale mpaka adhuhuri. Baba Zainabu akanifuata, akasema, "Amesema atasema."

Ungeiona siku ile, mama. Sikwambii kwa kukuringishia, ingawa kidogo nakuringishia. Watu wa Hadiya walikuja wote, walilala njiani, wamebeba ngoma zao. Mama mkwe wangu alikuwepo, ana meno mawili sasa, amekaa mbele kabisa ili asikose kitu. Mkuu wa ngoma akauliza, "Mjomba wake yuko wapi?" Akauliza mara ya pili. Mimi nimesimama ndani ya mlango nimemshika Zainabu, namsikia anapumua chini ya nguo.

Kibwana akaja mbele. Akasema, na sauti yake haikuwa ile ya utani, ilikuwa ndogo: "Mjomba wa mwali huyu anaitwa Mfaume, mtoto wa Mwamvua, binti Mwanahawa, binti Siwema. Hayupo. Alitakiwa mtu wa kubeba mizigo ya vita, nikaogopa kwenda, nikamtoa yeye. Hakurudi. Mimi ni mjomba wake niliyemtoa. Leo ninasema kwa kinywa chake, si changu. Mwali atoke."

Hapakuwa na kigelegele. Watu hawakujua kama wapige au walie. Watoto wake Kibwana walikuwa wanatazama chini. Mama mkwe alifungua mdomo, nikamtazama, akaufunga. Halafu yule mwanamke wa ungo, mjukuu wa Hadiya, akaanza peke yake, kigelegele kirefu kimoja, wengine wakamfuata, ngoma zikaingia, nikamsukuma mwanangu nje. Alibebwa na vijana wawili wa Hadiya, wajomba zake, mama. Vijana wa watu. Wamekuwepo siku zote.

Waposaji wameitika. Ndoa ni baada ya mfungo.

Sasa, hasira zimekwisha? Hazijakwisha. Sijamsamehe yeye, na nimemwambia. Tunakula naye sahani moja na sijamsamehe. Anakubali, anamega ugali. Na wewe sijakusamehe, tena wewe zaidi, kwa sababu wewe nilikuwa nakupenda. Bado nakupenda, na hilo ndilo linalonitia kichaa. Jana nimesuka ukili nikageuka kukuuliza kama upana unatosha. Nimegeuka kabisa, mdomo wazi. Kisha nikakumbuka umekufa, kisha nikakumbuka ulivyonifanyia, nikautupa ukili uani.

Nimejaribu kujiweka mahali pako. Nimejiuliza, wakinichukulia mmoja wa wanangu na mzigo wa mpunga uko kichwani, ningefanya nini? Labda ningeua. Wewe hukuua. Ulimfanya kaka yako awe kichekesho, ukamwacha aje kila mwaka akuone. Hukumfukuza, nimeliona hilo. Kila mwaka kuku mmoja aliachwa huru uani siku za mavuno, wengine wamefungiwa. Nimeliona, mama. Lakini ulipaswa kuniambia.

Basi kwaheri ni hii, na ahadi ni hii, uzisikie zote mbili. Kila mwaka tutakwenda Vihingo na unga wa mtama, na nitamtaja Mfaume kwa sauti, awe na kaburi asiwe nalo. Nitakutaja na wewe baada ya kaka yako, mmoja nyuma ya mwingine, tumbo moja, upende usipende. Na kuna jambo jingine nimelifanya bila kukuuliza, kama wewe ulivyofanya bila kuniuliza. Mjomba ni mgonjwa. Kifua, kama chako. Ameniomba, siku yake ikifika, asirudishwe Vihingo. Nimemwonyesha mahali, nyuma ya mihogo, ubavuni pako. Nimeshapafyeka.

Lala salama, mama. Safari hii huna pa kuhamia.

Mwanao,
Pili